Saa Yangu Si ya Kike

Jamani, niliseme hili mara moja, na mliopo barazani wapeni habari wasiokuwepo: saa hii ndogo ya kuzamia mnayoniona nayo mkononi si ya mke wangu. Ni yangu mie. Kaniachia marehemu ami, aliyekuwa baharia wa meli za nje, kaivaa miaka yake yote ya bahari na hapana aliyethubutu kumwambia neno. Ami lakini alikuwa na mkono wa kuvutia nanga. Wangu mnaujua. Ukinishika hapa kifundoni, kidole gumba na cha shahada vinakutana, vinaamkiana, na nafasi inabaki.

Siku hizi mwanamme hawi mwanamme mpaka avae dude. Nenda Darajani ukaone. Vijana wa madukani wakikuona mkono mwembamba wanakuonea imani, wanakutolea saa kubwa yenye saa tatu ndogo ndani yake, na hizo tatu zote hazendi. "Hii ndo ya kiume, mzee. Inazama mita mia mbili." Mita mia mbili za wapi, mwanangu? Wale vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani jioni, wanapinduka hewani mara mbili kabla ya kugusa maji, umemwona hata mmoja ana saa? Nikaijaribu kwa heshima ya muuzaji. Ikanizunguka mkono ikalala kwa chini, inatazama ardhi. Ilipoadhiniwa nikamuuliza yeye saa ngapi.

Hapo bado hatujafika kwenye kanzu. Wenye kanzu mtanifahamu. Saa nene haipiti mkono wa kanzu: ama inakwama ndani huioni, ama inakwama nje na kitambaa kimejikunja juu yake, unaingia msikitini Ijumaa kama mtu aliyeficha embe.

Na hao wanaonisomesha kwamba saa ya kuzamia lazima iwe kubwa, nawauliza wamezijulia wapi. Mwaka 1953 Waswisi ndipo walipozitoa zile mbili zilizozaa karibu zote zilizofuata. Moja ya Blancpain, wakaiita Fifty Fathoms, pima hamsini kwenda chini, kama mita 91. Hiyo nakubali ilikuwa na mwili. Ya pili Rolex Submariner, na Submariner za mwanzo upana wake ulikuwa milimita 37, 38, basi. Seiko wa Japani wakatoa yao ya kwanza 1965, ndogo vilevile, na inashuka mita 150. Watu walizama nazo, wakaibuka, wakaoa, wakazaa. Ilipofika miaka ya 2000 sijui nani aliwaamrisha zinenepe, mara 44, mara 47, mpaka sie wenye mikono ya asili tukawa hatuna pa kusimama.

Kisha hao hao wakageuka! Watengeneza saa wa Tudor mwaka 2018 wakatoa ya milimita 39 kwa kuzikumbuka za zamani, watu wakaigombania. Mwaka 2023 wakashuka tena, milimita 37. Ndiyo kipimo cha hii yangu hii mnayoicheka, na hiyo ya Tudor ilipotoka bei yake ilikuwa zaidi ya dola 3,000. Akivaa Mswisi ni mtindo wa kale. Nikivaa mie, nimeazima kwa mama watoto.

Tena mama watoto mwenyewe kaivaa siku moja kwenda harusini, karudi kanuna. Wenziwe wote wamemwambia mbona kaja na saa ya mumewe, kubwa hivyo. Nikamwambia rudi, nenda kayaseme hayo mbele ya baraza. Hataki.

Lakini na yenyewe hii saa isijione. Fundi kaifungua, kaitazama, kanitazama mie, kanambia: "Ami, usiitie maji." Nikamwambia fundi, hii ni saa ya kuzamia. Akasema ndiyo, ilikuwa. Vile vipira vya ndani vinavyozuia maji vikikaa miaka mingi vinakauka, vinapasuka, na mashine ya kuipimia yeye hana. Basi oneni mtihani huu. Kila udhu navua. Masika naifunga kwenye mfuko wa plastiki. Nikipanda boti kwenda Pemba, bahari ikachafuka, abiria wengine wanashika watoto wao, mie nimeshika saa nisije nikairushia maji. Kitu kilichotengenezwa kikamlinde mtu na bahari, sasa mtu ndiye anayekilinda.

Kung'aa gizani nako kumekwisha. Dawa ya zamani waliyopaka kwenye akrabu ilikuwa ya tritiamu, nayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 na kitu, fanya hesabu mwenyewe tangu enzi za ami. Umeme ukikatika naiwashia tochi ya simu. Simu ina saa, najua! Shemeji yangu wa Nungwi kashanambia. Huyo anazamia pweza tangu mtoto, na anaibuka pumzi zikimwambia aibuke.

Kilichobaki kizima ni lile duara la nje. Unalizungusha alama yake ikae kwenye akrabu ya dakika, kisha unasoma zimepita dakika ngapi tangu ulipozama. Za sasa hugeuka upande mmoja tu, likigongwa kwa bahati mbaya likuzidishie muda uliopita, uibuke mapema kuliko kuchelewa. Langu la zamani, linakwenda huku na huku, kama dakika za konda. Na konda ndiye ninayempimia. Juzi nimepanda daladala ya Fuoni, kasema "tunaondoka sasa hivi," nikalizungusha. Sasa vita vya Waingereza na Sayyid Khalid, aliyejitwalia usultani hapa Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, vilianza saa tatu asubuhi na wenye kuhesabu wanasema vilichukua dakika 38, wengine 45. Duara halijamaliza mzunguko, Sayyid Khalid keshakimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Sie duara limezunguka, limeanza la pili, konda kaning'inia mlangoni anapiga bati: "Bado mmoja tu, bado mmoja!"