Lebo ya Kopo la Krimu Ni ya Nani?

Kopo la krimu ya kung'arisha ngozi lililo mbele yangu nimelinunua Kariakoo kwa shilingi 4,000. Maandishi ya mgongoni ni madogo mno, nimelazimika kuyapiga picha kwa simu na kuyakuza ndipo nikasoma. Yanaanza na "aqua", yaani maji, yanaishia na "parfum", neno linaloweza kubeba chochote chenye harufu. Chini yake kuna mstari wa onyo kwa Kiingereza: krimu isigusane na dhahabu, fedha, mpira wala aluminiamu. Nilimuuliza mwenye duka maana yake. Akajibu bila kusita: "Hiyo ndiyo kali, kaka. Feki haina maneno hayo."

Wachimbaji wadogo wa Geita wangemwelewa haraka kuliko mimi. Wao hutumia zebaki kwa sababu inaing'ang'ania dhahabu, na wataalamu wa afya huichukulia tahadhari ya namna hii kuwa dalili kwamba huenda zebaki imo. Kwenye orodha ya viambato ya kopo langu, zebaki haikutajwa.

Kila serikali inapotangaza kukaza masharti ya viambato na lebo za vipodozi, jibu la mtaani ni lilelile: nani anasoma lebo? Dada anayetaka kung'aa kabla ya harusi ya Jumamosi hataanza kutafuta maana ya majina ya kemia. Ni kweli, hataanza. Lakini wanaosema hivyo wanadhani lebo imeandikiwa mnunuzi peke yake, na hapo ndipo wanapoupotosha mjadala.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha hesabu ambayo nairudia kila mada hii inapozuka. Katika Hospitali ya Kenyatta waliwaangalia watu wazima 60 wenye ugonjwa wa figo unaovujisha protini kwenye mkojo na kuuvimbisha mwili. Kati ya hao, 32 walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Miongoni mwa wagonjwa wa kawaida waliolazwa, waliokuwa wakipaka ni asilimia 11 tu. Zaidi ya nusu upande mmoja, mtu mmoja katika tisa upande wa pili. Zebaki ndani ya krimu zile ilikuwa kwenye kampaundi iliyotiwa kwa asilimia 5 hadi 10. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki yaliyoanza kutumika 2017, uliweka kikomo cha sehemu 1 katika milioni. Piga hesabu: asilimia 5 ni sehemu 50,000 katika milioni. Novemba 2023 nchi wanachama zilikutana Geneva zikaamua hata hiyo sehemu 1 isiwe kisingizio, na vipodozi vyote vinavyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025.

Uhusiano ule haukuonwa na wapakaji wenyewe. Ulionwa na daktari, na aliuona kwa sababu iliwezekana kujua ndani ya krimu kuna nini na kwa kiasi gani. Leo mgonjwa mwenye uso uliovimba akifika wodini na kikopo kwenye pochi, daktari hana cha kusoma. Atasubiri maabara, kama sampuli itapelekwa.

Hapa wapinzani wana hoja nzito kuliko ile ya "nani anasoma", na sioni sababu ya kuikwepa. Tanzania imepiga marufuku zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) na steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) kwenye vipodozi, na ndiyo maana haziandikwi. Marufuku imeifuta zebaki kwenye karatasi kabla haijaifuta kwenye kopo. Mkorogo wenyewe ndio hauna lebo kabisa: unapikwa nyuma ya saluni kwenye beseni, krimu mbili tatu, tyubu ya steroidi kutoka duka la dawa, pengine na tone la jiki, kisha unafungwa kwenye kikopo kilichooshwa cha mafuta ya mgando. Huyu mkorogaji hakuna kanuni ya uchapishaji itakayomfikia. Swali langu ni moja: anakoroga nini? Anakoroga makopo yaliyopita bandarini au mpakani, mengi yao yakiwa na karatasi nzuri za kung'aa.

Kuna na mjasiriamali mdogo. Anayetengeneza sabuni ya mwani Paje au mafuta ya nazi Tanga anaogopa kwamba ada ya usajili na vipimo itamaliza mtaji, huku krimu za magendo zikiendelea kuuzwa kwenye vikapu stendi. Hofu yake ni ya haki. Sabuni inayooshwa ikaenda na maji haiwezi kupewa masharti sawa na krimu inayolala usoni usiku kucha, na mkaguzi anayeanza na mama wa sabuni kwa sababu ndiye mwenye anwani amekosea mlango.

Tatizo jingine ni mgawanyo wa kazi. Mwaka 2019 vipodozi vilihamishwa kutoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, shirika la viwango, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Losheni yenye steroidi ndani yake ni ya nani hapo? Kwa sura ni kipodozi, kwa kazi ni dawa. Lebo ya uongo ndiyo inayoamua ofisi gani ilifungue faili.

Wengine hujifariji kwa maandishi ya "Made in USA". Marekani yenyewe ilikaa na sheria ya 1938 hadi Desemba 2022 kabla ya kuwabana watengenezaji wasajili viwanda, waorodheshe bidhaa na waripoti madhara makubwa. Ningekopa zaidi kutoka Ulaya. Kanuni yao Na. 1223 ya 2009 inataka kila kipodozi kiwe na mhusika anayewajibika aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, jina na anwani yake vikiwa kwenye kifungashio. Si kiwanda cha mbali. Mtu unayeweza kumgongea mlango. Tukiongeza hapo namba ya toleo na onyo kwa Kiswahili chenye herufi zinazosomeka, mkaguzi wa Tunduma ana pa kuanzia, na daktari wa Muhimbili pia.

Nimeligeuza kopo langu mara tatu nikitafuta mtu wa namna hiyo. Lina picha ya karoti, lina neno "Paris", na stika ya bei ya duka imebandikwa juu ya tarehe ya mwisho wa matumizi.