Foronya Iliyokwenda Kufuliwa

Mifuko ya kubebea nyoka wa utafiti ilikuwa imeniishia. Nilikuwa nimeteremka kutoka msitu wa Amani hadi nyumba ya wageni Muheza, kila mfuko una mtu wake, usiku tochi ikamulika mwingine nyuma ya jiko: nyoka wa nyumba, kahawia, mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa. Hana sumu; riziki yake panya.

Mfuko ukikosekana, foronya inafaa. Unaigeuza ndani nje ili nyuzi za mshono zisimnase, unaitia tochi kutafuta matundu, nyoka anatangulia kichwa, unausokota mdomo wa foronya, unaukunja, unapiga fundo kwa kitambaa chenyewe, maana kamba huteleza. Halafu unabandika karatasi ya maelezo na kumweka kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa.

Mimi niliishia kwenye fundo. Ndoo ilijaa vyura. Foronya nikaiacha kitandani, asubuhi nikaenda kunywa chai.

Kumbe ni siku ya kufua. Dada wa usafi akazoa mashuka, na foronya ile akadhani mgeni kafungia soksi. Fundo lenyewe, nisijisifu, lilikuwa kazi safi: vidole vilishindwa, akatumia meno. Kisha akaikung'utia kwenye beseni la povu.

"Mamaaa weee!"

Chai ikabaki mezani.

Nyoka mkavu hushikwa kwa mikono miwili, mmoja ukibeba kifua, mwingine karibu na mkia, bila kumbana. Nyoka wa sabuni hana utaratibu. Alinichuruzika mara tatu, akanipaka ule uvundo wanaoutoa kwenye mkundu wakitishika, akajichomeka chini ya pipa. Nilipompata nikamsuuza kwa maji matupu. Macho hayakunitia hofu, nyoka hana kope, jicho limefunikwa na gamba angavu. Nilihofia povu la mdomoni.

Mama mwenye nyumba akafika na mwiko mkononi.

"Mwanangu, na huyo utampeleka wapi?"

Nikajikusanya, uvundo na yote, nikajibu kitaalamu: "Shikamoo mama. Taratibu zetu, akishapimwa urefu na uzito, anarudishwa palepale alipokamatwa. Hatumhamishi hata kidogo."

"Marahaba. Vizuri sana." Mwiko ukashuka. "Kwani ulimkamatia wapi?"

Nikatazama mlango wa jiko. Naye akageuka, akautazama.