Gari limechoka: ulitie dawa ya kusafisha injini?

Ukipita soko la Kisekka katikati ya Kampala ukauliza cha kufanya na Toyota Premio inayotetemeka kila inaposimama kwenye foleni, utapewa majibu mawili kabla hujamaliza kueleza. Muuza spea atanyoosha mkono kwenye rafu ya chupa: hii ya kumimina kwenye tangi la petroli, ile ya kumimina kwenye oili, ile nyingine ya kupuliza. Fundi aliyelala chini ya gari la jirani atadakia kwamba chupa hizo ndizo zinazomletea kazi ya kushusha injini. Wote wawili wanasema waliyoyaona. Ila mara nyingi hawazungumzii chupa moja, wala uchafu wa mahali pamoja, na ubishi wao hauishi mpaka mtu autenganishe.

Uchafu wa throto, kile kilango cha kuingizia hewa kwenye injini, tuuache. Unatoka kwa dawa ya kupuliza na kitambaa, na hakuna anayegombana juu yake. Ugomvi uko kwenye njia mbili, ya petroli na ya oili.

Kwenye njia ya petroli, watetezi wa chupa wana hoja nzito kuliko wapinzani wanavyotaka kukubali. Injini ikizimwa ikiwa moto, matone machache hubaki kwenye ncha ya nozeli inayonyunyiza petroli, yanakauka na kuacha utando. Utando ukizidi, nozeli inatema matone badala ya kunyunyiza ukungu, silinda moja inapata mafuta pungufu ya wenzake, na gari linaanza kutetemeka na kula petroli. Kemikali inayoaminika zaidi kuuondoa utando huo ni polietheramini, ambayo kwenye chupa huandikwa PEA. Sifa yake ni kustahimili joto la ndani ya silinda, hivyo inafika hadi kwenye vichwa vya pistoni bila yenyewe kugeuka masizi.

Kwamba petroli yenye dawa ya usafi inaleta tofauti si maneno ya matangazo tu. Mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota waliweka kiwango cha petroli kinachoitwa Top Tier, kwa kuwa waliona kiasi cha dawa kilichotakiwa na sheria ya Marekani hakitoshi. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha huko, AAA, kilipima petroli zenye kiwango hicho na zisizo nacho. Baada ya mwendo wa kama kilomita 6,400, zile zisizo nacho zilikuwa zimeacha masizi mara 19 zaidi kwa wastani. Hyundai nao, katika vitabu vya magari yao mengi, wanamwambia mwenye gari asiyepata petroli yenye dawa ya kutosha, na ambaye gari lake linasumbua kuwaka au haliendi laini, aongeze chupa moja kwenye tangi kila baada ya kilomita elfu kadhaa. Kampuni ya magari haiandiki hivyo kumfurahisha muuza spea wa Kisekka.

Sasa tuilete hoja hiyo Uganda. Tangu Julai 2024 mafuta yetu yananunuliwa na kampuni ya taifa, UNOC, kupitia kampuni ya biashara ya mafuta ya Vitol, kisha yanagawiwa kwa makampuni yenye vituo. Shirika la viwango, UNBS, pamoja na Wizara ya Nishati, wana mpango wa kuyatia alama ili kuwanasa wanaochanganya mafuta ya taa au kuuza ya magendo. Mpango huo ni wa maana, lakini alama inakuhakikishia kwamba petroli haijachakachuliwa. Haisemi lolote kuhusu kiasi cha dawa ya usafi kilichomo. Mtu anayejaza kituo chochote kilicho karibu ana sababu ya haki ya kutia chupa ya PEA mara moja moja, na sioni sababu ya kumlaumu.

Kinachonitatiza ni jinsi tunavyoitia. Chupa ya kawaida imepimiwa tangi lililojaa, lita 40 hadi 60. Nani Kampala anajaza tangi? Wengi wetu tunanunua ya shilingi 20,000, lita zisizozidi nne au tano, taa ya mafuta ikiwa imeshawaka. Chupa nzima ikimiminwa humo, mchanganyiko unakuwa mkali mara nyingi kuliko ulivyokusudiwa. Ikimiminwa nusu leo na nusu kesho, inapita bila kukaa na uchafu muda wa kutosha. Mwenye gari anasema dawa ni ya uongo. Huenda ilikuwa nzuri ila haikupewa nafasi. Kama huna pesa ya kujaza tangi mwezi huu, chupa isubiri.

Kuna magari ambayo hata tangi lililojaa halisaidii. Nadia zenye injini ya 3S-FSE, Noah na Voxy za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zenye 1AZ-FSE, na Premio za lita mbili za kipindi hicho, zote ni za aina ya D-4, yaani petroli inanyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu za kuingizia hewa hazigusani na petroli kabisa. Masizi yanayojijenga juu yake yanatokana na mvuke wa oili, na unaweza kumimina chupa kumi tangini bila hata moja kuyafikia. Dawa yake ni kufungua manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, na kuyakwangua kwa mkono. Muuza spea asiyekuuliza kwanza una injini gani hajakutendea haki, hata akikupunguzia bei.

Tuhamie kwenye oili, ambako ubishi ni mkali na hasara ni kubwa zaidi.

Chupa ya kusafisha upande huu ni kiyeyushi. Unaimimina kwenye oili ya zamani, unawasha injini bila kutembea kwa dakika 10 au 15, kisha unamwaga vyote na kubadilisha chujio. Wanaoitetea wanasema tope lililokaa miaka haliwezi kutoka lenyewe. Wanaoipinga wanasema tatizo ni hilo hilo la kutoka. Kwenye injini chafu, tope haliyeyuki lote; linabanduka vipande. Ni kama kutikisa tangi la maji ambalo halijaoshwa miaka mingi: tope lililokuwa limetulia chini linakimbilia bombani. Ndani ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, bomba hilo ni mdomo wa pampu ya oili wenye wavu. Ukiziba, taa ya oili inawaka, beringi za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, zinakauka, na kelele ya kugonga inayofuata haina dawa ya chupa. Mafundi hawakuitunga hadithi hii, inatokea. Na pale ambapo tope lilikuwa limeziba sili (mpira wa kuzuia oili isivuje) iliyokwisha, oili inaanza kudondoka kesho yake.

Hata hivyo, upande wa watetezi una kesi moja ambayo mafundi wetu wanaipita haraka mno. Injini za mwanzo za 1ZZ-FE, zilizomo kwenye Spacio na Premio za 1.8, na zile za 2AZ-FE zilizomo kwenye Ipsum na Harrier za 2.4, zinajulikana kwa kula oili. Si kila mara kwa sababu pistoni au silinda zimelika. Kwenye 1ZZ za mwanzo, matundu ya kurudishia oili yaliyo nyuma ya ringi za pistoni ni madogo. Oili inaungua humo, inayaziba, na ringi zinakwama zisicheze. Kwa 2AZ, Toyota huko Marekani ililazimika kuongeza muda wa kubeba gharama kwa baadhi ya Camry za 2007 hadi 2009. Sisi tulionunua mtumba hakuna wa kutubebea. Ringi iliyokwama si sawa na ringi iliyokwisha, na ya kwanza inaweza kuachiliwa kwa kuisafisha. Kumwambia mwenye Spacio kwamba hakuna njia ila kushusha injini ni kumkimbiza kwenye gharama kabla ya wakati. Tukumbuke pia kwamba fundi naye anakula kwa kazi ya kushusha injini, kama muuza spea anavyokula kwa chupa.

Ila ringi zilizokwama kwa miaka kumi haziachii kwa dakika 15. Wanaofanikiwa hutoa plagi, wakaziloweka pistoni kwa kiyeyushi usiku kucha, au wanatumia njia ya polepole: oili nzuri ya uzito unaotakiwa na kitabu cha gari, ikibadilishwa kila kilomita 2,000 au 3,000 kwa mara tatu nne mfululizo. Oili yoyote ya kiwango cha API SN au SP, alama za ubora zinazoandikwa kwenye kopo, tayari ina dawa ya kusafisha ndani yake. Kazi yake mojawapo ni kulibeba tope kidogo kidogo hadi kwenye chujio. Mimi niko upande huu. Unaweza kuuita uvivu, lakini kipande kikibanduka kinakuwa kidogo, na chujio linakuwa jipya kabla halijaelemewa.

Na kabla ya chupa yoyote, injini ipimwe, jambo ambalo kwa kweli halifanyiki. Moshi wa buluu asubuhi ukiwasha, kisha ukapotea, unaelekeza kwenye sili za valvu. Moshi unaokufuata unapokanyaga kupanda mlima unaelekeza kwenye ringi. Kupima mgandamizo wa kila silinda kunachukua chini ya saa moja: silinda yenye mgandamizo mdogo ukiitia kijiko cha oili na kipimo kikapanda, ujue hewa inapita kwenye ringi. Valvu ya PCV, kidude kidogo kinachopitisha mvuke wa oili, ikiziba hufanya injini ile oili na kutengeneza tope, na bei yake haifanani hata kidogo na usumbufu inaouleta. Nimeona watu wakinunua chupa tatu bila mtu kuwachomolea hicho kidude wakakitikisa.

Halafu kuna thamostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini. Sijui ni nani aliyeieneza imani kwamba nchi yenye jua haihitaji thamostati, lakini gereji nyingi za Kampala huitoa mara tu gari linapopata joto kupita kiasi, na haliwekewi nyingine tena. Injini isiyofikia joto lake la kazi huchoma petroli vibaya, maji na petroli vinateremka kwenye oili bila kukauka, na tope linaanza. Ongeza safari fupi za kutoka Ntinda hadi mjini, nusu yake ukiwa umesimama. Gari la namna hiyo ukilisafisha leo kwa dawa bora kuliko zote duniani, baada ya miezi michache utakuta limerudi pale pale, na lawama itaangukia chupa.

Kundi la tatu la chupa, zile zinazodai kuziba mikwaruzo na kurudisha nguvu ya ujana, halistahili maneno mengi. Zipo zinazoifanya oili iwe nzito tu, na uzito huo unapunguza moshi siku chache, muda wa kutosha kuliuza gari. Slick 50, iliyouzwa kwa sifa kama hizo, ilifikishwa mbele ya tume ya biashara ya Marekani kwa madai yasiyo na ushahidi, na mwaka 1997 ikakubali kuacha kuyatangaza. Wanaoikimbilia oili nzito ya 20W-50 kwenye injini ya Kijapani iliyoundiwa oili nyepesi ya 5W-30 nao wanaficha dalili kwa njia ile ile, tena oili nzito inachelewa kufika juu asubuhi.

Uamuzi wangu juu ya chupa ya oili basi unategemea historia kuliko kilomita. Sheria yetu ya 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yenye miaka 15 au zaidi, ilhali Kenya wanaishia miaka minane, na yale ya zamani yaliyokwisha kuingia bado yanatembea. Kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma, na mara nyingi hakuna karatasi ya kuonyesha oili ilibadilishwa lini. Gari ulilolimiliki tangu bandarini, ukabadilisha oili kila kilomita 5,000, halina tope la kutisha; kiyeyushi hakitaliua, na hakina kazi kubwa humo. Gari ulilolinunua kwa mtu wa tatu, ambalo ukifungua kifuniko cha oili unakuta weusi mzito kama lami, ndilo linaloihitaji dawa na ndilo dawa inaloweza kuliua. Kama umeshikilia kulitia, mwambie fundi ashushe sampu kwanza, akwangue tope kwa mkono na kuosha wavu wa pampu. Ni kazi ya nusu siku na tyubu ya silikoni ya kuzibia sampu. Hapo hofu kubwa ya wapinzani inapungua sana, ingawa mafundi wengi watakwambia hakuna haja.

Ukichagua ile ya petroli, soma chupa uone kama imetaja PEA, kisha iingize pamoja na tangi lililojaa wakati gari linapokaribia kilomita za kubadilisha oili, sio baada. Sehemu ya dawa hupenya kwenye ringi na kuteremka kwenye oili pamoja na uchafu iliouyeyusha, na oili hiyo ni bora imwagwe mapema kuliko kuendeshwa nayo kilomita 4,000 zaidi.