Kiwanja cha Pili au Hatifungani: Milioni Kumi Ziende Wapi?

Mtumishi akishika milioni 10, ziwe za mavuno, za kikundi au akiba ya miaka, ushauri anaoupata Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma huja kwa sauti mbili. Ya kwanza, ya wazazi na wenzake wengi kazini, humwambia anunue kiwanja, maana ardhi haishuki thamani. Ya pili, ambayo miaka hii imeshika kasi kwa vijana, humwambia aachane na viwanja, anunue hatifungani za serikali, yaani aikopeshe serikali, atulie ale riba. Kila upande una mifano yake ya watu waliofanikiwa, na kila upande hunyamaza inapofika zamu ya waliokwama.

Niweke mpaka mapema. Sizungumzii kiwanja cha kujenga nyumba ya kuishi. Anayelipa kodi ya nyumba kila miezi sita akiondokana nayo amepata faida ambayo haihitaji kikokotoo. Nazungumzia kiwanja cha pili, cha tatu, kile kinachoitwa "cha kuwekeza", ambacho mwenyewe hana mpango wa kukijenga.

Utetezi wa ardhi una nguvu kuliko vijana wa hatifungani wanavyokubali. Aliyenunua Goba au Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, kulipokuwa vichaka, leo anaulizwa bei na watu asiowajua. Kigamboni, kabla ya Daraja la Nyerere kufunguliwa mwaka 2016, ulitegemea kivuko, na aliyevumilia foleni za pantoni ameona bei zikipanda mbele ya macho yake. Ardhi pia huhimili mfumuko wa bei. Desemba 2011 mfumuko Tanzania ulikaribia asilimia 20, na mwenye fedha zake benki aliona zikiyeyuka huku mwenye kiwanja akiwa na kitu kilekile.

Kuna jambo jingine ambalo wachumi hulipita haraka, na kwangu ndilo zito zaidi: kiwanja hakiazimwi. Fedha iliyo kwenye simu au benki ina wenyewe wengi. Ada ya mtoto wa kaka, harusi ya binamu, msiba wa jirani, bati la nyumba ya mama kijijini. Mtu mwenye huruma na mshahara mdogo hawezi kukataa yote, na si vizuri akatae yote. Lakini hakuna ndugu atakayekuomba mita kumi za kiwanja chako ili akalipie sare za shule. Kwa wengi, kiwanja ndiyo akiba pekee waliyowahi kuikuza, si kwa sababu ya faida yake, ila kwa sababu ni vigumu kuichota.

Sasa hesabu. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, na ardhi ndiyo mali inayomilikiwa bila daftari kuliko zote. Chukua kiwanja kilichonunuliwa kwa milioni 10 na kuuzwa baada ya miaka 15 kwa milioni 30. Mwenyewe atasimulia kwamba fedha imezaa mara tatu, na hakosei. Ila kukua mara tatu kwa miaka 15 ni sawa na asilimia 7.6 kwa mwaka. Toa mfumuko wa bei wa asilimia 4, inabaki kama 3.5. Toa kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka, gharama za upimaji na hati, bikoni, zile alama za mipaka, zilizong'olewa zikarudishwa, kijana wa kufyeka na kuangalia mipaka, ujira wa dalali, kodi ya mauzo. Utakuta kiwanja kimelinda thamani ya fedha na kuongeza kidogo. Hilo si baya hata kidogo, ila halifanani na simulizi la kijiweni.

Bei kupanda haraka hutegemea barabara, daraja, maji na umeme, na hapo ndipo wengi wanapocheza kamari bila kujua kwamba wanacheza. Tazama Bagamoyo. Mpango wa bandari kubwa ulipotangazwa, mwaka 2013, watu walikimbilia Mapinga, Zinga na vijiji vya jirani, wakanunua kwa bei ya bandari iliyokwisha kujengwa. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyakataa hadharani masharti ya mradi ule, ukasimama. Waliokuwa na shida ya fedha miaka ile waliuza kwa bei ya mnunuzi. Kigamboni nako kulikuwa na upande mwingine ambao wauzaji hawausemi: mpango wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008 ulizuia uendelezaji katika maeneo yake kwa miaka, na wenye viwanja wakakaa hawajui kama watajenga, watalipwa au watahamishwa. Mwaka 2017, kwenye upanuzi wa Barabara ya Morogoro, mamia ya nyumba za Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ziko kwenye hifadhi ya barabara, zikiwemo za watu walioishi pale miaka mingi.

Tena, kisheria ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Hati anayopewa mtu ni ya kukalia kwa miaka 33, 66 au 99, na ina masharti, mojawapo likiwa kuendeleza. Kiwanja kilichoachwa pori miaka na miaka kinaweza kufutiwa hati. Na hapo tunamsemea mwenye hati. Wanaonunua kwa karatasi ya makubaliano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni wengi kupita kiasi, na ndio wanaokutana na mnunuzi mwenzao siku ya kuchimba msingi.

Upande wa pili. Hatifungani ni mkopo unaoipa serikali. Benki Kuu huziuza kwa mnada, za muda mfupi kama miaka miwili na mrefu hadi miaka 25, na mtu binafsi anaweza kuingia kupitia benki yake au dalali wa soko la hisa kwa kuanzia milioni moja. Riba, au kuponi kama wenyewe wanavyoiita, hulipwa kila baada ya miezi sita, na kwa hatifungani za muda mrefu haikatwi kodi. Tuseme riba ni asilimia 12. Milioni 10 zinakuletea 600,000 kila nusu mwaka, milioni 1.2 kwa mwaka, bila mpangaji, bila dalali, bila kwenda kufyeka.

Hapo ndipo shangilio linapoishia kwa wengi, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Ukila kuponi zote kwa miaka 15, utakuwa umekula milioni 18, kisha serikali itakurudishia milioni zako 10. Lakini kwa mfumuko wa asilimia 4, milioni 10 za siku hiyo zitanunua vitu vya kama milioni 5.5 za leo. Mtaji umepungua karibu nusu huku wewe ukijiona mwekezaji. Ukizirudisha kuponi zote kazini kwa riba ileile, milioni 10 hufika milioni 57. Ukiondoa mfumuko ni kama milioni 32 za leo. Tofauti kati ya watu hawa wawili haikutokana na akili wala bahati, maana wamenunua karatasi ileile siku moja. Mmoja hakugusa.

Na kutogusa ni kazi. Kuponi ya 600,000 haitoshi kununua hatifungani mpya, kwa kuwa kima cha chini ni milioni. Isipokuwa na pa kwenda siku ileile inapoingia, itakwenda sokoni na kwenye vifurushi. Wanaofaulu huwa wameshapanga iende kwenye vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile ya UTT AMIS, kampuni ya serikali inayoisimamia, ambako kiasi kidogo hupokelewa, hadi itakapotosha kurudi mnadani. Asiyejiamini kwenye hili ana haki ya kuchagua kiwanja, nami sitamcheka. Anajifahamu.

Riba nayo hubadilika. Aprili 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hatifungani ya miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Waliokuwa wamenunua kabla walijikuta na karatasi inayotafutwa kwa bei ya juu. Waliochelewa walikuta mlo mwingine mezani. Kinyume chake pia hutokea: riba mpya zikipanda, ya kwako ya zamani hupungua bei sokoni, na ukilazimika kuiuza kabla ya muda utapata pungufu ya ulichoweka. Miaka 25 ni mingi. Mwenye miaka 40 leo atakuwa na 65 itakapoiva.

Halafu kuna ile sentensi inayorudiwa kama sala, kwamba serikali haifilisiki. Waulize Waghana. Desemba 2022 serikali yao, ikiwa imelemewa na madeni, iliwataka wenye hatifungani za ndani wazibadilishe kwa nyingine za riba ndogo na muda mrefu zaidi. Wastaafu waliokuwa wakiishi kwa kuponi walisimama na mabango nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra, na Februari 2023 Jaji Mkuu mstaafu Sophia Akuffo alikwenda kusimama nao. Mwishowe wastaafu hawakulazimishwa, lakini ilibidi wazee wasimame juani kudai walichoahidiwa kwa maandishi. Sioni dalili kwamba Tanzania iko karibu na hapo. Nasema tu kwamba kuweka kila shilingi kwa mkopaji mmoja, hata akiwa serikali, ni hatari ileile ya kuweka kila shilingi kwenye kiwanja kimoja cha Mapinga.

Hisa nitazigusa kidogo, kwa kuwa hazimfai mwenye haraka. Mwaka 2008 hisa za benki ya NMB ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 600, na aliyezishika hadi leo ana sababu ya kufurahi. Za Vodacom Tanzania ziliuzwa shilingi 850 mwaka 2017, na miaka iliyofuata zilikaa chini ya bei hiyo. Soko lilelile, nchi ileile.

Msimamo wangu ni huu. Kwa mwenye mshahara wa kawaida ambaye tayari ana pa kuishi, au kiwanja cha kujenga, milioni 10 zinazofuata zisiende ardhini. Sababu si faida, maana kiwanja kilichofikiwa na barabara au daraja kinaweza kuishinda hatifungani. Sababu ni siku ya shida. Mzee akilazwa na hospitali ikataka milioni tatu kufikia Ijumaa, huwezi kuuza robo ya kiwanja. Utauza chote, na dalali akishajua una mgonjwa, cha milioni 20 kitaondoka kwa 11. Au utakwenda kwa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno, na kuweka hati rehani, na hapo ndipo viwanja vingi vinapobadilisha mikono bila mwenyewe kupenda. Aliye na milioni mbili au tatu kwenye mfuko wa ukwasi, ambao fedha yake hutoka ndani ya siku chache, anamtibu mzee wake na kiwanja chake kinabaki.

Kwa hiyo naona kwanza iwepo fedha ya miezi kadhaa ya matumizi mahali inapotoka haraka. Kisha hatifungani, kwa kuponi zisizoliwa, na si lazima ya miaka 25 kwa mtu wa miaka 50. Ardhi ya ziada ije baadaye, kwa fedha ambayo hata ikilala miaka 15 hakuna mtoto atakayekosa shule. Na isiwe ya mkopo. Ukikopa benki kwa asilimia 15 ili ununue hatifungani ya asilimia 12, unailipa benki ikushikie karatasi. Ukikopa kununua kiwanja kisichoingiza chochote, mshahara wako ndio unaolipa riba ya pori, na nimewaona walimu na manesi wakipokea mshahara uliokatwa hadi mfupa kwa ajili ya viwanja ambavyo hawajavitembelea tangu wavinunue.

Hoja inayonisumbua bado ni ya warithi. Kiwanja hata kikiwa na mgogoro, familia inajua kipo. Hatifungani na vipande vinaweza kulala kwenye mifumo huku mjane akihangaika na ada, kwa sababu marehemu hakumwambia mtu. Hili linarekebishika kwa karatasi moja: jina la benki au dalali, namba ya akaunti ya hatifungani, namba ya mwekezaji, kiasi na mwaka wa kuiva, nakala moja kwa mwenza na nyingine kwa mtu mzima mnayemwamini. Lakini lifanyike kabla ya mnada, siyo baada.

Na aliyesoma hadi hapa akiwa tayari na viwanja vitatu na hana akiba ya mwezi mmoja, asikimbilie kuuza vyote. Auze kimoja, wakati ambapo hana shida, akiwa na subira ya kungoja bei. Kiwe kile kisicho na hati na kilicho mbali na barabara, ambacho alikinunua kwa sababu rafiki alisema mradi unakuja.