Ligi ya fantasi haiibiwi na mtu mmoja

Tarehe 27 Mei 2022, kabla ya mechi ya besiboli ya Cincinnati Reds na San Francisco Giants, wachezaji wakiwa bado wanapasha misuli, Tommy Pham wa Reds alimfuata Joc Pederson wa Giants akamzaba kofi. Hawakugombania mwanamke wala mechi ya siku ile. Ugomvi ulikuwa wa ligi ya fantasi ya msimu uliopita, yaani mchezo wa kuunda timu ya kubuni kwa wachezaji wa kweli na kushindana kwa takwimu zao, tena fantasi ya futiboli ya Kimarekani, si hata ya besiboli wanayolipwa kuicheza. Pham alifungiwa mechi 3 na kupigwa faini juu.

Kisa chenyewe, kama Pederson alivyokieleza kwa waandishi, ni hiki: alimweka mchezaji aliyetangazwa kuwa hatacheza kwenye nafasi ya majeruhi, akachukua mwingine kujaza pengo. Pham akaona ameibiwa. Pederson akajibu kwamba kanuni inaruhusu, na kwamba Pham mwenyewe alikuwa amefanya vilevile. Kamishna wa ligi hiyo, yaani msimamizi wake, alikuwa Mike Trout, mmoja wa wachezaji bora wa besiboli wa kizazi hiki, na Pham hakumwonea haya: alisema hadharani kwamba hakuna kamishna mbovu kama yeye kwenye michezo yote ya fantasi.

Mimi namwona Pederson hana kosa. Programu ilimruhusu, na kila mmoja kwenye ligi alikuwa na nafasi ya kufanya alichofanya. Kipimo changu ni chepesi: jambo unaloweza kulitangaza kwenye kundi la WhatsApp kabla hujalifanya, wenzako wakakutukana wee lakini wasiweze kukuzuia, huo si wizi. Huo ni ujanja, na ujanja ndio uliotuleta kwenye mchezo huu. Wizi ni lile ambalo lazima lijadiliwe pembeni na watu wawili. Ndiyo maana naamini ligi za fantasi haziharibiwi na mjanja mmoja. Zinaharibiwa na urafiki.

Kwa asiyeufahamu mchezo: mwandishi na mhariri mmoja wa Marekani, Daniel Okrent, alibuni fantasi ya besiboli kama tunavyoijua leo, akaanza na marafiki zake msimu wa 1980. Mgahawa waliokuwa wakikutana Manhattan uliitwa La Rôtisserie Française, na mpaka leo aina hiyo ya ligi inaitwa Rotisserie. Unanunua wachezaji wa kweli kwa mnada, na ligi nyingi bado zinatumia dola 260 za kubuni kwa wachezaji 23. Kisha takwimu zao za msimu mzima zinakuwa zako: mipira iliyopigwa ikatoka nje ya uzio, besi walizoiba (naam, kwenye besiboli kuiba besi, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe, ni halali na kunahesabiwa), wapigaji waliotolewa na warushaji wako. Kwenye ligi ya timu 12, wa kwanza katika kila kipengele anapata pointi 12, wa mwisho 1.

Sisi wa Fantasy Premier League (FPL), fantasi ya ligi kuu ya soka ya England, hatuna tatizo kubwa walilonalo wenzetu wa besiboli. Kwenye FPL mimi, wewe na watu mamilioni tunaweza kuwa na Haaland wiki hiyohiyo, na hakuna wa kumuuzia mwenzake. Kwenye besiboli mchezaji mmoja ana mmiliki mmoja. Kama mpigaji nyota Aaron Judge ni wangu, wewe huna, na ukimtaka njoo tuongee. Hapo kwenye kuongea ndipo shetani anapopata kiti.

Nipo kwenye ligi ya besiboli ya kazini hapa Marekani, na niliona jinsi inavyofanyika. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Jamaa aliyeshika nafasi ya kumi, asiye na lolote la kupigania, alimtoa mrushaji wake bora, yule anayekuletea pointi kila akipanda kwenye kilima cha kurushia mpira, akapokea mpigaji aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko na ambaye msimu wake ulikuwa umekwisha. Aliyempokea mrushaji alikuwa wa pili kwenye msimamo. Tena alikuwa shemeji yake. Kwenye kundi kukawa kimya kwa muda, halafu mtu akaandika neno moja tu, "Hongereni", na kila aliyelisoma alielewa.

Je, ile ilikuwa njama? Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Biashara mbaya si ushahidi wa njama. Kuna ligi ambazo unabaki na baadhi ya wachezaji kwa mwaka unaofuata, na humo mtu wa nafasi ya kumi akimtoa nyota wa miaka 34 ili achukue kijana wa miaka 21, anafanya jambo la akili, hata kama anampa mtu mwingine ubingwa wa mwaka huu. Wanaoshindania nafasi ya kwanza watapiga kelele, lakini kelele zao ni za maslahi. Swali la kuuliza ni moja: aliyetoa alitegemea kupata nini kwa timu yake? Yule wa nafasi ya kumi angeweza kusema anajijenga kwa mwaka ujao, ila ligi yetu huanza upya kila mwaka, kila mtu anarudi mnadani mikono mitupu. Jibu halikuwepo. Kamishna alifuta biashara ile, na alifanya sawa.

Nisichokubaliana nacho ni kura. Ligi nyingi zina utaratibu kwamba biashara yoyote inapigiwa kura, na wakiwa wengi wanaoipinga inakufa. Inasikika kama demokrasia. Kiutendaji ni kuwapa wapinzani wako rungu. Mtu aliye wa tatu atapinga kila kitakachomnufaisha wa pili, haki ikiwepo isiwepo, na baada ya miezi miwili hakuna anayethubutu kufanya biashara. Mchezo wote unageuka kusubiri majeruhi. Bora kamishna mmoja mwenye mamlaka ya kufuta njama tu, na akiwa yeye mwenyewe ndiye mhusika, awepo mtu mwingine aliyetajwa tangu mwanzo wa kuamua badala yake. Kama Trout alikosea, nadhani alikosea hapo: kanuni ya majeruhi ilihitaji kuandikwa kwa namna ambayo watu wawili wazima wasingeweza kuisoma tofauti.

Kuna dhambi nyingine ambayo hakuna anayeiita dhambi, nayo ni kutelekeza timu. Msimu wa besiboli ni mechi 162 kwa kila timu, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Ikifika Julai, mtu aliye mkiani anaacha kufungua simu. Wachezaji wake waliotolewa kikosini wanabaki kwenye orodha yake, nafasi zinakaa tupu, na anayekutana naye wiki ile kwenye ligi ya ana kwa ana, ambako timu mbili zinapambanishwa kila wiki, anaokota ushindi wa bure. Aliyekutana naye Aprili, alipokuwa bado na ari, alitoka jasho. Huyu hajapanga njama na yeyote, lakini matokeo ni yaleyale. FPL nayo ina ugonjwa huo kwenye ligi za ana kwa ana. Kwenye ligi ya kawaida ya kujumlisha pointi mzembe anajiumiza mwenyewe, kwa hiyo aachwe.

Taarifa za ndani ni habari nyingine. Februari 2021, wachezaji kadhaa wa Aston Villa walimtoa mwenzao Jack Grealish kwenye timu zao za FPL, mabadiliko hayo yakaonekana mtandaoni kabla ya mechi na Leicester, na dunia nzima ikajua nahodha kaumia kabla kocha Dean Smith hajasema lolote. Kweli Grealish hakucheza, Villa wakafungwa 2-1. Mwaka 2015, mfanyakazi wa DraftKings, kampuni ya Marekani ya fantasi za pesa, alishinda dola 350,000 kwenye kampuni pinzani, FanDuel, wakati kazi yake ilimpa takwimu ambazo wateja hawazioni. Uchunguzi ulioagizwa na kampuni yake ulisema alizipata baada ya muda wa kubadilisha timu yake kwisha. Hata hivyo kampuni zote mbili ziliwakataza wafanyakazi wao kucheza fantasi za pesa, na hilo ndilo lililopaswa kuwepo tangu siku ya kwanza. Wachezaji wa Villa siwalaumu sana, maana hakuna aliyetajirika. Wangecheza kwa pesa ningesema mengine.

Na kama mchezo wenyewe wa kweli umeibiwa? Houston Astros walitwaa ubingwa wa 2017 huku wakitumia kamera kusoma ishara za siri ambazo wapinzani hupeana kabla ya kurusha mpira, na kugonga pipa la taka kumwambia mpigaji ni mpira gani unakuja. Ilipobainika, Januari 2020 klabu ilitozwa dola milioni 5 na kunyimwa baadhi ya nafasi zake za kuchagua wachezaji vijana wapya. Watu waliocheza fantasi za DraftKings wakaenda mahakamani New York wakidai kwamba takwimu walizochezea zilikuwa chafu. Jaji Jed Rakoff alitupilia mbali kesi hiyo Aprili 2020, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye baadaye. Naona walistahili kushindwa. Ukicheza fantasi umenunua takwimu kama zilivyo, pamoja na uchafu wake. Mchezaji akiugua malaria huendi kumshtaki mbu.

Kwenye ligi yetu ya FPL ya Dar es Salaam, ninayocheza kutoka huku, wizi mkubwa uliowahi kutokea haukuhusu mchezaji yeyote. Mweka hazina alikusanya michango kwa M-Pesa Agosti, na Mei akawa hapatikani. Tangu hapo pesa hukaa kwa mtu asiyecheza, dada wa mmoja wetu, na kanuni zinabandikwa juu kabisa kwenye kundi la WhatsApp kabla mtu hajatuma hata shilingi: nani anaamua mgogoro, anayelipa akichelewa inakuwaje, akaunti mbili za mtu mmoja zinafutwa zote. Kisha kuna ile ya wavivu. Anayemaliza wa mwisho analipia nyama choma ya ligi nzima, na aliyeacha kugusa timu yake kwa wiki nne mfululizo anahesabiwa wa mwisho hata kama pointi zake zinasema vingine. Msimu uliopita hakuna aliyeitelekeza timu, na bili ya nyama ikawa ndefu ajabu, kwa sababu aliyeshika mkia alipigana mpaka wiki ya 38 na watu wakaja wote kumwona akilipa.