Tarehe haijengi nyumba Goma

Ikifika Januari, Goma nzima inapanga. Makanisa yanaupa mwaka jina: mwaka wa kuvuka, mwaka wa kurudishiwa. Vijana wanajaa kwenye semina ambako bwana mwenye suti anawaambia waandike malengo kwenye daftari, kila moja na tarehe yake. Kufika Juni uwe na cherehani. Kufika Desemba uwe na kiwanja. Sina ugomvi na daftari. Nina ugomvi na ile tarehe.

Kanuni inayofundishwa humo, ile ya SMART, herufi tano za masharti matano ya lengo zuri, ilitoka kwa Mmarekani George Doran, aliyeiandika mwaka 1981 katika jarida la mameneja. Alikuwa akiongea na wakuu wa kampuni, watu wenye bajeti na mshahara usiokosa mwisho wa mwezi. Kwao tarehe ina maana. Tena katika orodha yake ya kwanza kulikuwa na sharti ambalo semina zetu hazilitaji: ijulikane ni nani amekabidhiwa lengo. Siku hizi mahali pake wanasema tu lengo liwe "linalofikika". Mtu ametolewa, kalenda imebaki.

Na kalenda ya mji huu tunaijua sote. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu ya Nyiragongo ilimwaga moto uliopita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama karibu na uwanja wa ndege, na siku chache baadaye tukaamriwa kuhama. Wengine walikimbilia Sake, wengine Rwanda. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini na benki zikafunga milango. Mpe mtu wa hapa lengo lililofungwa kwenye tarehe moja, siku ikipita atajihesabu mvivu, hata kama wiki nzima alikuwa akibeba watoto na magodoro.

Ukitaka kuona watu wanaofikia malengo Goma, usiende kwenye semina. Nenda kwa akina mama wa AVEC, vikundi vya kuweka na kukopa. Mbinu hii ilianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini, na huku kwetu imeshika kana kwamba ilizaliwa hapa mtaani Birere. Watu ishirini hivi wanakutana kila wiki. Kisanduku kina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Kila mmoja ananunua sehemu zake, yaani hisa za akiba, anapigiwa mihuri kwenye kijitabu mbele ya wote. Anayetaka anakopa na kurudisha na faida. Kuna pia mfuko mdogo wa msiba na ugonjwa, ili matanga yasile akiba.

Kinachonivutia zaidi ni sheria ya sehemu: kwa kawaida, kila mkutano unanunua kuanzia moja hadi tano, basi. Tuseme sehemu ni franka 2,000. Mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akipata wiki nzuri anaweka 10,000. Wiki mvua imeharibu soko anaweka 2,000, na bado yumo. Akinunua tatu kwa wastani, baada ya wiki 50 ana 300,000, mbali na faida. Wengi husifu ule mwisho wa chini. Mimi nasifu pia ule wa juu, kwa sababu unamzuia mtu wa Januari, yule anayeanza kwa fujo na kufika Machi amekauka.

Mtu atasema: hata AVEC ina tarehe, siku ya kugawana akiba na faida mwisho wa mzunguko. Kweli, lakini ni ya kikundi. Mambo yakiharibika, wanakaa, wanakubaliana kugawana mapema au kungoja, na hakuna anayejilaumu peke yake usiku.

Msichanganye hili na kutangaza malengo kwenye WhatsApp. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer na wenzake walionyesha kwamba wanafunzi wa sheria ambao nia yao ilisomwa na mtu mwingine waliitendea kazi kidogo kuliko wale ambao nia yao haikusomwa. Sifa inakuja kabla ya kazi, na mtu anashiba. Wenzako wa AVEC hawasikilizi nia. Wanahesabu mihuri.

Si kwamba kila kitu ni safi. Wapo wanaokopa kwa jirani ili wasionekane wamenunua sehemu moja, na hapo aibu imeanza kuendesha gari. Na pesa za kugawana zikiangukia wiki ya Noeli, vitenge vinazimeza, jambo ambalo siwezi kulilaumu sana.

Wanaume tunasema AVEC ni mambo ya akina mama. Tunapenda likelemba, ambapo kila mtu anatoa kiasi kilekile na mmoja anabeba vyote. Ni nzuri kwa kununua pikipiki, ila ukikosa siku moja umemwangusha mwenzako.

Hata lengo lisilo la pesa linapokea sheria hii. Kijana anayejiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, atafute wenzake wawili, wapange zoezi moja hadi matano ya hesabu kwa siku, na Jumapili baada ya misa kila mmoja afungue daftari lake mbele ya wengine. Asiyekuja na daftari ananunua fanta.