Saa moja yetu, saa tatu yao

Ukitaka kujua stesheni za TV hapa Kenya zinakuchukulia vipi, angalia tu wanakuwekea nini na saa ngapi. KBC, Citizen, KTN, NTV, miaka nenda miaka rudi mpango ni ule ule, saa moja usiku habari kwa Kiswahili, saa tatu habari kwa Kiingereza. Tumezoea mpaka hakuna mtu huuliza.

Mimi naona hapo kuna hesabu ya nani yuko nyumbani na ana pesa ngapi. Saa moja sebuleni kuna shosho, kuna watoto na homuwaki zao, mama yuko jikoni anasonga ugali lakini masikio yako kwa TV, na ikifika ile stori ya bei ya unga anatoka na mwiko mkononi kuja kuona. Yule wa ofisi saa hiyo bado amekwama kwa jam Thika Road, akifika aoge, ale, ndio hiyo saa tatu, na benki inayotangaza mkopo wa nyumba inamngoja yeye. Sisi wa saa moja tunawekewa sabuni na mafuta ya kupikia. Sawa, matangazo ndio hulipa mishahara, hapo sina neno.

Kinachoniudhi ni uzito wa habari zenyewe. Mara nyingi ile stori imechimbwa kwa wiki kadhaa, ama waziri ameketishwa studio abanwe maswali, utangoja saa tatu. Saa moja unapewa kipande kifupi cha stori hiyo hiyo, alafu mwisho kavideo ka kuchekesha. Kwani anayesikiliza Kiswahili halipi kodi? Hiyo sabuni anayotangaziwa ina VAT ya 16% ndani. Na Katiba ya 2010 imesema wazi Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, so hii ya kufanya moja ya wakubwa na nyingine ya jikoni wameitoa wapi.

Alafu usiniambie ati Kiswahili hakivuti watu. Citizen walipanga drama za kwetu kati ya Nipashe, ile habari yao ya saa moja, na habari za saa tatu, Papa Shirandula, Inspekta Mwala, na nchi nzima ikakaa hapo, huyo wa ofisi pia alikuwa anakimbia afike kabla Papa hajaanza! Charles Bukeko, aliyeigiza Papa, alifariki 2020 na mpaka leo wengi wanamkumbuka kama Papa tu. Hao wote walikuwa watazamaji wa Kiswahili, na walikuwa na pesa.

(Mambo ya watoto ni kesi nyingine. Kanuni zinasema kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku TV iwe ya kuangaliwa na familia, lakini zile soap za mchana, eeh, kuna siku unatafuta rimoti kama umechomwa na makaa.)

Mimi nataka kitu kidogo tu. Chukueni huyo waziri mumlete saa moja na nusu, aulizwe kwa Kiswahili pesa zimeenda wapi, bila kujificha nyuma ya Kiingereza cha semina, na shosho akiwa bado macho. Matangazo ya sabuni yakikatiza katikati, hatutakasirika.